Katuni za safari na mapambano: namna ya kujua kama zinamfaa mwanao

Shule zikifungwa mwezi wa sita, wazazi wengi wa Mtwara na Lindi wako kwenye mikorosho wakipulizia dawa. Zikifungwa tena Desemba, korosho bado zinaokotwa na kupelekwa ghalani. Nyumbani wanabaki watoto, bibi, dada mkubwa na flashi. Ndani ya flashi kuna katuni ndefu, misimu mitatu au minne: kijana ameondoka kwao kumtafuta baba aliyepotea, au upanga, au kisiwa ambacho hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko, na njiani anapambana na viumbe vya kila namna. Watoto wanazipenda mno katuni hizi, nami nazipenda. Zipo zinazomwonyesha mtoto maana ya kushika ahadi na kumsubiri mwenzio aliyechelewa njiani. Zipo pia ambazo mtoto wa miaka mitano hastahili hata kupita sebuleni zikiwa zinacheza.

Bibi anayesimulia hadithi ya zimwi humtazama mtoto usoni. Akiona macho yamemtoka, anashusha sauti, anamwingiza sungura mapema, anaanzisha wimbo. Televisheni haimwoni anayeitazama. Kazi hiyo ya kumsoma mtoto usoni imebaki kwako wewe mzazi, na hatua zifuatazo ni za kukusaidia kuifanya hata kama muda wako ni mdogo.

Hatua ya kwanza: jua ni katuni ipi hasa

Usidhani kwamba kila kilichochorwa ni cha watoto. Japani, ambako katuni nyingi za mapambano hutoka, hadithi za aina hii hupangwa kwa rika la wasomaji: zile zinazoitwa shonen zimelenga wavulana wanaobalehe, na zinazoitwa seinen ni za wanaume watu wazima. Zote zina macho makubwa na nywele za rangi. Ukizitazama kwa juu juu, huwezi kuzitofautisha na katuni ya mtoto wa chekechea.

Kwa hiyo mwulize mtoto, au kijana wa duka linalojaza muvi kwenye flashi, vitu vitatu: jina kamili, msimu wa ngapi, na toleo gani. Hilo la toleo ni zito kuliko linavyoonekana. Jina moja laweza kubeba katuni mbili tofauti, moja ya wadogo na nyingine ya vijana. Halafu zipo zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na watu wetu, mtu mmoja akisema juu ya sauti za wahusika wote. Mtafsiri huyo anawafikiria vijana wanaojaa kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, basi anaongeza vichekesho, matusi, na maneno ya mapenzi ambayo mchoraji hakuyaweka. Kama katuni ilipewa alama ya umri kule ilikotoka, alama hiyo haihusu maneno ya mtafsiri. Ukitaka kuipima, sikiliza nakala ileile atakayoisikia mwanao.

Kwenye YouTube tazama jina la chaneli kabla ya picha. Mwaka 2017 ilibainika kwamba video nyingi zilizowatumia wahusika wanaopendwa na watoto zilikuwa za kutisha, wahusika wakichomwa sindano au kutekwa, na baadhi zilipenya hadi kwenye programu ya YouTube Kids. Picha ya mbele ilikuwa ya kupendeza kabisa.

Hatua ya pili: soma alama ya umri, lakini usiishie hapo

Katuni nyingi za Marekani hubeba alama ambazo zimetumika kule tangu 1997. TV-Y ni ya watoto wote hata wadogo kabisa. TV-Y7 ni ya kuanzia miaka 7. Ikiongezewa herufi FV, maana yake kuna mapigano ya kubuni yaliyo makali kuliko kawaida ya katuni za umri huo, na katuni za safari na mapambano mara nyingi ziko hapa. TV-PG inamtaka mzazi awe karibu, TV-14 haiwafai walio chini ya miaka 14, na TV-MA ni ya watu wazima, iwe imechorwa au la. Kwenye ving'amuzi vinavyorusha vipindi kutoka Afrika Kusini utaona PG, 13, 16 na 18, na pembeni yake herufi: V kwa ukatili, L kwa lugha chafu, S kwa mambo ya ngono, N kwa uchi.

Hapa nchini Bodi ya Filamu Tanzania ndiyo yenye kazi ya kukagua filamu na kuzipangia madaraja, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Ila katuni iliyopakuliwa mtandaoni usiku na kuuzwa asubuhi kwenye flashi pale stendi ya Masasi, aghalabu haijapita mikononi mwa mkaguzi yeyote. Itafute kwa jina lake kwenye simu. Shirika la Common Sense Media la Marekani hueleza katuni moja moja: kuna damu kiasi gani, matusi gani, inafaa kuanzia umri gani. Maelezo yake ni ya Kiingereza. Kama kinakupa shida, mwite mtoto wa sekondari akusomee, naye atajifunza kitu.

Alama inaisema katuni, haimsemi mwanao. Aliyeiweka hajui kwamba mtoto wako anaogopa mbwa, au kwamba alimzika baba yake mwaka jana.

Hatua ya tatu: itazame mwenyewe kabla yake

Huna haja ya kuitazama yote. Sehemu moja ya katuni ya televisheni huwa na dakika 11 au 22 hivi. Chagua nne: ya kwanza, moja ya katikati, na mbili za mwisho wa msimu. Za mwisho usiziache kabisa, maana waandishi huweka hapo vita kubwa, kifo cha mlezi, usaliti wa rafiki. Mzazi anayetazama ya kwanza peke yake anaona kijana akiaga kijijini kwao na mbuzi wakilia, anaridhika, anaondoka zake shambani.

Itazame kwa sauti. Mara nyingi kinachomtisha mtoto ni muziki na giza kabla jambo lenyewe halijatokea, na ukiitazama umezima sauti hutaliona hilo. Kama muda umebana sana, tazama dakika tano za mwisho za sehemu kadhaa. Ndipo mambo yanapofikia kilele.

Hatua ya nne: jiulize maswali haya ukiwa unatazama

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na mapigano. Kuwepo kwa mapigano si tatizo kwa kila mtoto; hata sungura na fisi wanapigana. Tazama kinachofuata baada ya pigo. Aliyepigwa anaumia? Anauguzwa? Kuna anayelia? Au anainuka anacheka kama aliyejikwaa tu? Watafiti waliochunguza ukatili kwenye televisheni ya Marekani katika miaka ya 1990 walionya kwamba ukatili unaoigwa zaidi ni ule unaofanywa na mhusika anayependwa, usio na maumivu, usioadhibiwa, na uliovikwa kichekesho. Ukivisoma vitu hivyo vinne kwa pamoja utaona ni sura ya katuni nyingi za watoto wadogo. Ndiyo maana katuni ya kuchekesha inaweza kuwa na madhara kuliko ile ya huzuni ambayo shujaa wake anajuta kwa kumjeruhi mtu.

Kwamba watoto huiga wanachokiona kwenye skrini si dhana ya wazee tu. Mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watoto wa chekechea filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo. Kundi jingine lilionyeshwa mpigaji aliyevishwa kama paka wa katuni. Watoto hao, walipoachwa na mwanasesere, walimpiga kuliko wenzao ambao hawakuonyeshwa kitu. Paka wa katuni naye aliigwa.

Kwetu huku fikiria vitu vinavyoweza kuigwa vilivyo karibu na mtoto. Shujaa anayeruka kutoka kwenye paa: mtoto ana mwembe na mkorosho. Shujaa anayepiga mbizi: mtoto wa Mikindani au Kilwa Kivinje ana bahari hatua chache kutoka mlangoni. Shujaa mwenye panga: panga liko nyuma ya mlango. Na joho la shujaa linalopepea mgongoni, ambalo nyumbani kwetu ni kanga iliyofungwa shingoni. Kanga ikinasa kwenye tawi au kitasa mtoto anaweza kujinyonga. Ukiona shujaa ana joho, mwambie mwanao siku hiyohiyo kwamba kanga inafungwa kiunoni au kushikwa mkononi, shingoni marufuku.

Kisha tazama adui amechorwaje. Jambo hili wazazi wengi hulipita, na kwangu lina uzito sawa na damu. Katuni nyingi humtambulisha mwovu kwa mwili wake: ana kovu, anachechemea, jicho moja limepofuka, ni bibi kizee mwenye macho mekundu, ana ngozi na nywele nyeupe. Tanzania tunajua vikongwe waliodhuriwa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho yao tu, na tunajua walichofanyiwa watu wenye ualbino. Mtoto asikae misimu mitatu akifundishwa kwamba ubaya una sura. Kama sehemu nyingine zote za hadithi ni nzuri, huna lazima ya kuifuta, mwulize tu katikati: "Hivi huyu bibi kakosea nini, au ni mzee tu?"

Kuhusu uchawi na nguvu za ajabu, masheikh wa madrasa na mapadri huulizwa sana. Msimamo wangu ni huu: uliza nguvu hizo zinatoka wapi na zinatumika kufanya nini. Kijana aliyezaliwa na uwezo wa kuamuru upepo, anayejifunza kuutawala kwa mazoezi ya miaka, ni hadithi ya nidhamu. Mhusika anayechinja, anayechora alama na kuita roho ili amdhuru jirani yake, hiyo ni habari nyingine, hasa mtaani ambako watu wazima bado wanatuhumiana kwa mambo hayohayo. Mtoto mdogo hana namna ya kujua kwamba moja limebuniwa na jingine linasemwa kweli kibarazani. Mstari wa dini yako unaujua wewe. Usimwachie mchoraji auchore.

Mavazi, mapenzi na matusi yanaonekana upesi, hayahitaji maelezo marefu. Nitaongeza moja tu: sikiliza namna watoto wa kwenye katuni wanavyosema na wakubwa wao. Kuna katuni ambazo kila mzazi ni mjinga na kila mwalimu ni kichekesho. Lugha hiyo haichelewi kufika mezani.

Hatua ya tano: linganisha na mtoto uliye naye

Mtoto wa miaka mitatu hadi sita hutishwa zaidi na kinachoonekana: meno, mngurumo, uso unaogeuka ghafla. Mhusika mwenye sura mbaya lakini roho njema bado atamtisha. Kuanzia miaka minane hivi hofu inahama, anaogopa linaloweza kutokea kweli: mama kufa, nyumba kuungua, kutekwa. Mtafiti Joanne Cantor wa Marekani, aliyefanya kazi miaka mingi juu ya hofu za watoto na televisheni, alionyesha pia kwamba dawa zao ni tofauti. Mdogo hatulizwi na maneno "si kweli hiyo". Mpakate, mpe maji, mwondoe mbele ya skrini. Mkubwa anatulizwa kwa kuelezwa.

Kwa kadiri ninavyoona mimi, chini ya miaka mitano safari iwe fupi, adui awe mpumbavu kuliko mkatili, na kila sehemu iishe watu wamerudi salama. Miaka sita hadi nane mapambano yawepo, kifo kiwe nadra na kisioneshwe waziwazi. Tisa hadi kumi na mbili wanaweza kubeba huzuni, usaliti, hata kifo cha mhusika wanayempenda, ikiwa hadithi inakipa kifo hicho uzito wake.

Watoto wawili wanahitaji uangalizi wa pekee. Wa kwanza ni aliyefiwa, kwa sababu katuni nyingi za safari huanza kwa kifo cha mzazi. Hizo zinaweza kumpa faraja au kumfungulia kidonda, na hutajua mpaka ukae naye. Wa pili ni mwenye kifafa. Desemba 1997 huko Japani watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya sehemu moja ya katuni kumulika mwanga mwekundu na wa bluu kwa kasi. Milipuko ya taa za namna hiyo ukiiona, katuni hiyo si ya mtoto mwenye degedege la kifafa, na hata kwa wengine washa taa ya chumba na uwarudishe nyuma kutoka kwenye skrini.

Hatua ya sita: kaa naye sehemu mbili za mwanzo

Usimhoji kama mwalimu wa zamu. Kaa, menya muhogo wako, na umtazame yeye kuliko skrini. Mtoto anayefurahia hofu hucheka, hujisogeza, hukueleza kinachokuja. Aliyezidiwa hunyamaza, huziba masikio, huanza kuulizia mambo mengine au huomba kwenda chooni halafu harudi. Swali moja au mawili yanatosha: "Mwanangu, wewe ungefanyaje hapo?" "Unadhani kwa nini kamwacha mwenzie?"

Mkubwa akiwa na kumi na mbili na mdogo ana minne, pima kwa mdogo, au katuni ya mkubwa ingoje mdogo alale. Nyumba zetu pia zina watoto wa jirani. Ukiwasha televisheni jioni Chikongola au Nachingwea, mlangoni watajaa. Mwambie mama yao mapema: "Mama Zuhura, leo wataangalia katuni ya vita kidogo, una neno?" Anaweza kujua jambo la mwanawe ambalo wewe hulijui.

Hatua ya saba: muda, na mahali pa kukatia

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2019 halishauri skrini kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku. Pungufu ya hapo ni bora zaidi.

Kasi nayo ina uzito. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwachukua watoto 60 wa miaka 4. Wengine walitazama katuni ya kasi sana kwa dakika 9 tu, wengine kipindi cha polepole cha elimu, wengine walichora. Waliotazama ile ya kasi walifanya vibaya kuliko wenzao kwenye majaribio ya kujizuia na kufuata maelekezo, papo hapo baada ya kutazama. Basi usiweke katuni ya kurukaruka dakika kumi kabla mtoto hajaenda madrasa au kukaa na daftari.

Katuni za safari huishia pabaya makusudi: shujaa ananing'inia ukingoni, wimbo unaanza. Ukizima hapo ugomvi ni halali. Waache waingie dakika tatu au nne za sehemu inayofuata, shujaa akishaokolewa, ndipo uzime. Na kwenye simu ondoa ile hali ya video kujifuatisha yenyewe.

Hatua ya nane: funga panapofungika

King'amuzi: ingia kwenye menyu ya mipangilio, tafuta udhibiti wa wazazi, weka umri wa mwisho, kisha badilisha namba ya siri iliyokuja nayo, kwa sababu watoto wanaijua. Netflix: mfungulie mtoto akaunti yake ndogo yenye kikomo cha umri, na ya kwako iwekee namba ya siri. YouTube Kids: chagua kundi la umri, au uchague kwamba aone tu ulivyoviidhinisha mwenyewe. Flashi haina kufuli. Nunua moja iwe ya watoto peke yao, na kila inaporudi dukani kujazwa, ifungue uone nini kingine kimeongezwa humo.

Kibanda umiza ni shughuli ya wazazi wa mtaa mzima. Nendeni wawili watatu kwa mwenye kibanda, kwa heshima, mkubaliane saa za watoto na kinachowekwa saa hizo. Ikishindikana, mwenyekiti wa mtaa yupo.

Ikiwa katuni haimfai

Dalili hujitokeza usiku: hataki kwenda choo cha nje peke yake, amerudia kukojoa kitandani, anataka taa. Au mchana: kila mchezo umekuwa kumkaba mdogo wake. Iondoe bila kelele na umwambie sababu kwa sentensi moja, "Hii inakuharibia usingizi, tutaitazama ukikua kidogo." Weka nyingine mahali pake siku hiyohiyo. Usimcheke kwa kuogopa, wala usiruhusu kaka zake wamcheke, maana safari ijayo ataificha hofu yake.

Na msimu mpya ukiingia, rudia hatua ya tatu hata kama uliotangulia ulikuwa salama kabisa. Katuni hizi hukua pamoja na watazamaji wake: mashujaa waliokuwa na miaka kumi sasa wana kumi na sita, vita vimekuwa vya kweli zaidi, mapenzi yameingia. Mwanao huenda amekua miezi sita tu. Tazama mbili za mwisho za msimu huo mpya kwanza. Zikikupa shaka, uwekwe pembeni hadi likizo nyingine.